Karani Mwenye Mbio

Mandewa, Singida
Alhamisi, 29 Machi 1945

Kwa Mama yangu mpendwa, Kinyangiri,

Shikamoo Mama. Shikamoo mara ya pili, maana ya kwanza ni yangu na hii ni ya mkweo Klara, ambaye amesimama mlangoni na hataki nianze jambo lolote kabla salamu yake haijaandikwa. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mguu wako wa kushoto umepoa, mtama umesimama vizuri na ndege hawajaumaliza. Sisi huku tu wazima. Mvua imetupa kidogo, si haba. Watoto wanakula, wanapigana na wanakwenda shule, ndiyo kusema hawana ugonjwa.

Mwalimu Yeremia, wewe unayemsomea Mama, nakusalimu sana na kukushukuru. Nakuomba usome yote kama nilivyoandika, usiruke mstari hata ukiniona aibu, na panapochekesha mwache Mama acheke kwanza. Nawe Mama, mwambie avute kigoda akae, maana barua ni ndefu.

Mama, mwezi wa kwanza ulimtuma binamu Dorkas na salamu zako, naye alinipa zote bila kupunguza. Ulisema ulizaa wana wawili lakini umebakiwa na mmoja, kwa sababu mdogo wangu Ezekieli aliondoka kwenda jeshini, Keya, bila kukuaga wala kuchukua baraka yako, na sasa huu mwaka wa pili yuko vitani huko Bama, ng'ambo ya bahari, na hajakuandikia neno. Ulisema huombi kitu kwake, unaomba neno moja tu ujue kama bado anakuhesabu kuwa mama yake. Jambo hilo nitalijibu katika barua hii hii. Ila nivumilie, Mama, maana njia ya kulifikia imepita katika tumbo langu.

Unalikumbuka tumbo langu. Ulipokuja mwaka juzi ulilipiga kofi ukafurahi, ukawaambia majirani kwamba sasa mwanao amekuwa mtu. Basi tangu ulipoondoka niliendelea kuwa mtu mpaka nikapita kiasi. Unajua kazi ya karani wa baraza. Saa moja asubuhi nimekaa, saa kumi jioni nimekaa, naandika ng'ombe wa fulani wamekula mtama wa fulani, mke wa fulani amerudi kwao na kibuyu cha samli. Wino uko kuliani, karatasi kushotoni, maji naletewa na tarishi. Hata nikitaka kujua kama mvua inanyesha namuuliza tarishi, na dirisha liko nyuma ya kichwa changu.

Mwezi huo wa kwanza nikawa nahema nikiinama kufunga kamba za viatu. Klara akawa ananifunga yeye, akinicheka, kisha siku moja hakucheka, akanipeleka kwa dresa Bonaventura. Mtu huyu ni mfupi, ana maneno makali kuliko sindano zake. Alinisikiliza kifua kwa mipira yake, akaniuliza natembea mwendo gani kila siku. Nikasema natoka nyumbani nakwenda ofisini. Akauliza ni mbali gani, nikasema mtu akirusha jiwe kwa nguvu litafika. Basi akasema hana chupa ya kunipa. Dawa yangu ni kwenda kwa miguu mpaka nitoke jasho, kila siku, Jumapili tu nipumzike, la sivyo mvua za mwaka ujao Klara atazipokea akiwa mjane. Alisema mbele ya Klara. Mama, mke akishasikia neno kama hilo, mume hana tena hiari.

Lakini nitoe wapi nafasi? Baraza linajaa kabla sijafika, na nikitoka giza linakaribia. Kwanza nilijaribu mle mle ofisini. Wazee wakienda kula mchana, mimi nilikwenda nyuma ya kabati, nikalishika ukingo, nikawa nachuchumaa na kusimama, nachuchumaa na kusimama. Siku ya tatu tarishi akaingia na birika, akaona kichwa changu kinazama na kuibuka nyuma ya kabati, akadhani kuna nyoka. Akapiga kelele. Watu wenye kesi wakaja dirishani na fimbo. Nyoka hakuonekana, karani ndiye aliyeonekana, magoti yamepinda. Mzee mmoja akaomba kesi yake iahirishwe mpaka karani apone.

Nikajaribu jioni, barabara ya kwenda Ikungi, nikisema nitafika kwenye majabali yale makubwa na kurudi. Ole wangu! Wewe unazijua salamu zetu. Nyumba ya kwanza wakaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za ndama, za mvua, za kwenu Kinyangiri, kisha wakaona haya kuniacha niende na koo kavu, wakatoa togwa. Nyumba ya pili vivyo hivyo, na karanga juu yake. Nyumba ya tatu walikuwa na shauri la mpaka wa shamba, wakataka nilisikie kabla halijafika barazani. Wiki mbili nzima sikupita nyumba ya tatu. Mwisho wa wiki hizo mkanda wangu ukahamia tundu la mwisho, na dresa alipouliza ninaendeleaje nikamwambia dawa naimeza kila siku.

Ndipo nikajifanya mwerevu. Nikasema nafasi iko alfajiri, kabla ya baraza, na dawa ya salamu ni kutosalimu. Nikaamka jogoo wa pili, nikavaa kaptula na fulana, nikashika njia ya Mwankoko. Nilikimbia, maana kwa kutembea ningechelewa kazini. Mdomo nimefumba, macho mbele, mikono mitupu. Mtu akiniita simgeukii.

Mama, najua hapa umekwisha kushika kichwa. Lakini Mwalimu si mtu wa kwetu, huenda anauliza kosa liko wapi, basi nimweleze. Mwalimu, kwetu habari ya kifo hupelekwa alfajiri, kabla watu hawajatoka na majembe. Anayeipeleka huenda mbio, hashiki kitu, na hamsalimu mtu njiani, kwa kuwa salamu ni ya wazima. Mtoto yeyote wa miaka sita analijua hilo. Mimi nililijua nikiwa na miaka sita, nikalisahau nikiwa na thelathini na minne. Tena si mtu yeyote aliyekuwa akikimbia, ni karani wa baraza, ambaye tangu vita vianze karatasi za serikali za vijana waliokufa hupita mkononi mwake.

Nyumba ya kwanza ukiingia Mwankoko ni ya Bibi Rahabu, mjane, ambaye mwanawe wa pekee Simeoni yuko Keya. Asubuhi ile alikuwa zizini anakamua. Akaniona natokea kwenye mteremko. Nasikia kibuyu kilimtoka mkononi, maziwa yote chini, akapiga yowe ambalo sitalisahau. Mimi nilikwisha kupita. Nikasikia yowe nyuma yangu, na la pili, na wanawake wa nyumba nyingine wakijibu. Nikajisemea, masikini, pale pana msiba. Na mtu aliyefunzwa adabu na mama yake hapiti penye msiba kama mbwa. Nikageuka, nikarudi kutoa pole!

Nilikaa na wanaume kando ya moto, kichwa chini, kama ipasavyo. Wakaniachia kigoda kizuri, nikashangaa heshima ile. Watu wakazidi kuja. Mimi nilikaa nikingojea niambiwe ni nani aliyekufa, nao wamekaa wakingojea niwaambie amekufaje. Tulingojeana hivyo mpaka jua likachomoza. Ndani wanawake wanalia, wembe umekwisha kunolewa ili Bibi Rahabu anyolewe nywele, na beberu amefungwa mtini. Nami nikawa nawaza moyoni kwamba nitachelewa barazani, lakini msiba ni msiba.

Mwishowe mzee Manase, kaka yake Bibi Rahabu, akakohoa, akasema kwa upole kwamba nimefanya vema kuwapa nafasi ya kulia kwanza, lakini sasa nitoe karatasi ya serikali niisome. Nikauliza karatasi gani. Akasema ya Simeoni. Nikauliza Simeoni amefanya nini.

Mama, nilidhani wataniua. Wote wakasema kwa pamoja. Bibi Rahabu akatoka ndani, wembe haujamgusa, mkononi ana mwiko, akanipiga nao mgongoni mara tatu, za nguvu, nikahesabu. Alipomaliza akanikumbatia akilia, kisha akacheka, kisha akalia tena, nami nikalia pamoja naye, maana mtu awe na moyo wa namna gani asilie? Wakanisimamisha nieleze kwa nini mtu mzima, mwenye kazi ya serikali, anakimbia na hakuna anayemfukuza. Nikawaeleza dawa ya dresa. Mzee Manase akauliza kama huko Mandewa hakuna majembe. Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Beberu akafunguliwa, nadhani yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote.

Lakini nilipoaga, Bibi Rahabu akanishika mkono akaniuliza polepole: ikiwa mwanawe hakufa, na mimi ndimi ninayekaa mahali barua zinapofikia, je, hajaandika hata moja? Nikamjibu kama nilivyozoea kuwajibu wote, kwamba nitatazama. Akanishukuru. Ile shukrani iliniuma kuliko mwiko.

Maana nilijua. Barua za askari huja zimefungwa pamoja, na kazi ya kuwapasha habari wenyewe ni yangu. Nami nilikuwa nazitia kabatini, nikisema mwenyewe akipita barazani atapewa. Lakini nani apite? Tangu vita vianze mtu akiitwa barazani anajua anaitwa kusomewa kifo, basi wazazi wa askari huzunguka mbali wasione hata paa letu. Wao wanaogopa kuja na mimi naona uvivu kwenda. Lile kabati nililolishika kila mchana nikichuchumaa na kusimama, ndani yake mlikuwa na barua arobaini na moja. Ya Simeoni ilikuwa ya tano kutoka juu. Aliiandika mwezi wa tisa.

Kesho yake alfajiri niliichukua, nikakimbia nayo Mwankoko. Nilimsomea Bibi Rahabu mara tatu pale pale mlangoni. Simeoni amejifunza kuendesha lori, amenenepa, na anauliza kama mbwa wake bado yupo. Mbwa mwenyewe alikuwa ananinusa miguu. Bibi akaichukua barua akaiweka kifuani, kisha akanipa amri. Akasema nikimbie kadiri nipendavyo, lakini kuanzia siku ile nikimbie nikiimba, watu wasikie kwa mbali kwamba ninaleta uzima. Nisipoimba, mwiko wake anao.

Hivyo ndivyo nilivyopata nafasi niliyokuwa nikiitafuta, Mama. Kila alfajiri nachukua barua mbili au tatu, leo Mwankoko, kesho ng'ambo ya pili ya Mandewa, na saa moja niko kitini nimekwisha kuoga. Za Ikungi nilizipeleka Jumamosi mbili. Naimba nyimbo za kanisa, na kwa Waislamu naimba zile za kuchungia ndama ulizotufundisha wewe. Jaribu kuimba ukipanda mlima mbio, ndipo utajua mapafu yako wapi! Siku za kwanza nilitoa sauti ya mbuzi aliyenaswa na miiba. Sasa namaliza ubeti bila kuvuta pumzi. Dresa Bonaventura alinisikiliza kifua wiki iliyopita, akasikiliza tena, akatazama cheti changu kama ni cha mtu mwingine. Kaptula imenidondoka mara moja barazani, wakati wa kiapo. Klara amezishona zote upya na anasema amerudishiwa mume aliyemwoa, ila huyu wa sasa ana kelele.

Kufikia katikati ya mwezi huu nilikuwa nimepeleka barua arobaini.

Mwalimu, hapa soma taratibu.

Mama, ya arobaini na moja ni yako. Imetoka kwa Ezekieli. Iko ndani ya bahasha hii, haijafunguliwa. Ilifika mwezi wa kumi na moja mwaka jana, na sikuisahau hata siku moja. Dorkas alipokuwa amekaa kwangu akinipa salamu zako, akisema Mama analia kwamba Ezekieli hana neno, mimi nilijua neno liko wapi. Nikanyamaza. Nikamkaribisha chai.

Mwanzo nilijiambia nitakuletea mwenyewe Krismasi. Krismasi ikafika, nikawaza siku mbili za miguu mpaka Kinyangiri, na lori halikupatikana, nikakaa. Nikajiambia nitaituma kwa mtu, kisha nikaona haya kwamba imechelewa, na kila siku aibu ikawa nene zaidi. Hayo ni ya uvivu, na ningeweza kukomea hapo ukanisamehe upesi. Lakini niseme yote. Dorkas aliponiambia umesema mimi ndimi mtoto uliyebakiwa naye, nilifurahi, Mama. Tangu utotoni wewe ukipika unauliza Ezekieli amekula, ukisikia radi unauliza Ezekieli yuko wapi, na mimi niko hapo hapo mbele yako. Safari hii nikawa mimi peke yangu mtoto mwema, nikaipenda nafasi hiyo, nikaiacha barua ilale. Hilo ndilo kosa langu. Bibi Rahabu alinipiga kwa kosa dogo, hili nililokukosea wewe hajalijua.

Siku kumi zilizopita nilipata barua nyingine ya Ezekieli, ameniandikia mimi. Yu mzima, amepandishwa cheo, mkono wake ulijeruhiwa lakini umepona. Anasema katika barua aliyokuandikia wewe alikuomba radhi kwa kuondoka kama mwizi. Anasema alikuomba umbariki kama ulivyokuwa ukitubariki tulipokwenda machungani, kwa kututemea mate kifuani, nawe umtemee juu ya karatasi, karatasi hiyo ukaushe juani na kumpelekea, naye ataivaa chini ya shati. Anasema siku za kugawa barua husimama na wenzake mpaka majina yaishe, na jina lake halisomwi. Ameniuliza kama umemkataa kabisa, nimwambie tu, atavumilia. Niliisoma barua hiyo nimekaa, Mama, nikaona siwezi kuendelea kukaa.

Salamu kwa wote wa nyumbani siziandiki humu, kwa sababu nitawapa kwa mdomo wangu, na hapa ndipo ninapokuja kwenye mwisho. Leo Alhamisi nafunga barua hii. Kesho Ijumaa Kuu alfajiri naondoka nayo kwa miguu, na ruhusa ninayo mpaka katikati ya wiki. Wewe unaposomewa ni Jumamosi, na aliyempa Mwalimu barua hii mkononi ni mimi. Nilimwomba asikuambie mpaka afike mstari huu. Nimeandika kwa kuwa nilijijua, ningefika mbele yako ningekuambia habari za mvua na tumbo, nikala, nikalala, nikarudi Singida na barua mfukoni.

Niko nje, nyuma ya ua wa minyaa, upande wa zizi. Nimesimama. Usiniite bado. Fungua kwanza barua ya Ezekieli, Mwalimu akusomee mara zote utakazotaka, na karatasi nyeupe ya kumjibia nimeiweka pamoja nayo. Mbariki yeye kwanza, maana amengoja sana na alipo ni mbali. Mimi nitaikimbiza karatasi hiyo mpaka posta hata ukiwa bado umenikasirikia.

Ukishamaliza kumbariki yeye, Mama, kama mate yamebaki, niite.

Mimi mwanao mkosefu,
Zefania